Wanapanda Kula Krismasi, Mama Yao Hawamwoni

Admin, ukiposti nifichie jina, maana mawifi zangu wote wamo humu, na kusoma ya watu ndiyo kazi wanayoiweza.

Nina miaka 38, mama wa watoto watatu. Kwetu ni Kileo, nimeolewa huku juu Chome, milimani Upareni. Mume wangu ni kitinda mimba, kwa hiyo sisi ndio tunaoishi na mama mkwe. Miguu imemkataa, macho nayo yanafifia.

Kila Desemba ndugu wa mume wangu wanapanda kutoka Dar na Arusha. Wanasema wanakuja kusali Krismasi na mama. Uongo mtupu. Wanakuja kula, kunywa na kupigwa picha kwenye ukungu. Wanavaa fulana za kufanana zenye jina la ukoo, spika inaunguruma tangu asubuhi, na watoto wao hata shikamoo hawaijui, wakipita mlangoni kwa bibi yao wanaziba pua. Mama anasalimiwa siku wanayofika, anapigwa picha, anarudishwa chumbani. Basi. Na mimi kwao ni jiko tu. Tangu niolewe sijawahi kukanyaga kanisani siku ya Krismasi.

Mwaka huu, asubuhi ya sikukuu, nilimpelekea mama uji. Akaniambia, "Mwanangu, kengele imelia. Leo nataka nikasali na wenzangu. Sijui kama mwakani nitakuwepo."

Nikamfuata shemeji mkubwa mwenye gari, nikamwamkia, nikamweleza. Hata macho hakuyatoa kwenye simu. Akasema barabara ina utelezi, gari litachafuka, na Mungu yuko kila mahali, mama asali kitandani. Gari hilohilo jana yake lilishuka Same mjini likarudi na makreti ya bia, na utelezi hakuuona. Wifi yangu mkubwa akadakia kwamba nikamalizie pilau, wageni wana njaa. Yaani mtu anajiita mgeni nyumbani kwa mama yake mzazi.

Nikafunika sufuria, nikaita bodaboda. Mama tukamweka katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, dereva akaenda polepole kama amebeba mayai. Kanisani wazee wenzake waliinuka kumpokea. Ukaimbwa wimbo wa Kipare wa tangu usichana wake, na yeye asiyeona kitabu akaimba beti zote, machozi yanamtiririka. Mchungaji akasoma habari za mtoto aliyelazwa horini kwa kukosa nafasi. Nikamtazama mama, mwenye nyumba aliyekosa nafasi kwake mwenyewe, na mimi nikalia. Kwa mara ya kwanza Krismasi iliniingia moyoni.

Tuliporudi pilau lilikuwa limeungua. Watu wazima na elimu zao zote, na hakuna aliyejua kuvuta kuni moto upungue. Wifi akaniuliza mbele ya wote, "Wewe uliolewa hapa uje kuabudu au uhudumie familia?" Mama akasema yeye ndiye aliyeomba kupelekwa. Hawakumsikia, hakuna aliyepunguza muziki. Mume wangu alikuwa anatazama chini.

Sasa wameitisha kikao cha familia asubuhi ya Mwaka Mpya, kabla hawajaondoka. Nipige magoti niombe radhi, la sivyo nirudi Kileo nikajifikirie. Mume wangu chumbani ananiambia sikukosea, lakini nje anawaunga mkono. Anawaogopa kaka zake kuliko anavyomwogopa Mungu, na mwanaume wa hivyo nashindwa hata kumkasirikia, namdharau tu.

Leo mchana mama ameniomba nimpigie pasi kitenge chake. Mwaka Mpya anataka twende tena, na ibada ni saa ileile ya kikao. Nisipotokea kikaoni, ndoa yangu iko mashakani. Nisipompeleka mama, katika watoto wote aliowazaa hakuna atakayempeleka.

Msinifariji, wapendwa, faraja sina haja nayo. Niambieni tu, asubuhi hiyo nielekee wapi?