Shangazi Aliyeisemea Televisheni

Televisheni ya kwanza niliyoifahamu ilikuwa na mlio wa mahindi. Nikisema hivyo wanangu hucheka, lakini ndivyo ninavyokumbuka: punje zinadondoka kwenye karai la bati, kwanza moja moja, halafu watu wakishakolea zinamiminika kama mvua juu ya paa, na mbele ya kelele hiyo kuna picha ndogo, nyeusi na nyeupe, inayotetemeka. Watu wa kwenye picha wanafungua midomo, wanaifunga, na hakuna neno linalotoka. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na mambo haya huyaandika jioni nikishamaliza kazi, kwa hiyo msinichukulie kama mtaalamu wa lolote. Dada yangu, ambaye naye alikuwepo, anasema karai lilikuwa la plastiki. Huenda. Lakini la plastiki lisingelia vile.

Nyumba ilikuwa ya babu yetu, Babu Festo, huku Pito, pembeni ya mji wa Sumbawanga, mahali ambapo mashamba yanaanza kabla nyumba hazijaisha. Ilikuwa kiangazi, baada ya mavuno, ule wakati upepo wa Ufipa unaingia hadi kwenye mifupa na watoto wanakwenda shule wamejifunga khanga za mama zao shingoni. Televisheni ililetwa na baba mdogo kutoka Mbeya, ya mtumba, ile ya chogo, imeviringishwa blanketi juu ya mzigo wa lori, na barabara ya wakati ule haikuwa hii ya lami. Ilipofika, picha ilikuwa nzima na sauti imekufa. Umeme haukuwepo mtaani kwetu, tuliiwasha kwa betri ya gari, na antena ilikaa juu ya mti mrefu wa mkaratusi uliosimikwa nyuma ya jiko. Upepo ukiigeuza, picha inajaa chenga, basi mtu anatoka kwenda kuuzungusha ule mti huku walio ndani wanampigia kelele dirishani: "Bado! Bado! Hapo hapo! Aa, umepitiliza!"

Babu, na nalisema hili kwa heshima zote, hakuwa mtu wa kuacha mikono ya watu ikae bure. Hakumtoza mtu chochote kwa kuja kutazama. Ila mlangoni palikuwa na rundo la mahindi, na kila aliyeingia, mkubwa kwa mdogo, alichukua ya kwake akaenda kukaa nayo. Ukitazama, unapukuchua. Mikono ikisimama, Babu anakohoa. Sikumbuki mtu aliyeona kwamba ni uonevu, maana kwetu kupukuchua ni kazi ya watu wengi, na siku zote iliendana na hadithi. Msimu ule hadithi ilikuja ndani ya sanduku, tatizo ni kwamba ilikuwa bubu.

Tuliyoipenda ilikuwa tamthilia ya kigeni iliyoonyeshwa jioni, kabla ya chakula. Kulikuwa na nyumba kubwa yenye ngazi ndani kwa ndani, binti mwenye nywele ndefu, kijana wa tai, na mzee mnene aliyekaa mezani na simu. Walilia, wakagombana, wakakumbatiana, na sisi tukabaki kubahatisha. Mmoja anasema wamefiwa, mwingine anasema hapana, wameibiwa.

Sasa nimtaje Shangazi Leokadia, binti wa Babu. Mwaka ule alikuwa amerudi nyumbani kutoka Kirando, kule ziwani alikoolewa, baada ya mume wake kufariki. Bibi hakuwepo tena duniani, hivyo Shangazi ndiye aliyepika na kufua na kutuogesha, lakini kuongea hakuongea. Unamwambia "shikamoo, Shangazi," anajibu "marahaba," basi, mazungumzo yameisha. Nilimsikia Babu akimwambia jirani yetu, Mama Osward, kwa sauti ya chini: "Huyu mtoto asipoongea ataniugulia. Nimemwita padri, nimewaita wanawake wenzake, hakuna. Nifanyeje?"

Halafu jioni moja yule mzee mnene akawa anapiga meza kwa kiganja, simu iko sikioni, mashavu yanatikisika. Mama Osward akauliza hewani tu, "Sasa huyu naye anafoka nini?" Na Shangazi, bila kuinua macho kutoka kwenye hindi lake, akajibu kwa sauti nzito ya kiume: "Nimekuuliza, boti imetoka Kabwe au haijatoka? Dagaa wangu wanaoza na wewe unanichekea kwenye simu!" Vichwa vyote vikamgeukia. Kwenye picha akatokea kijana wa tai, naye ana simu, akafungua mdomo, na Shangazi akampa sauti nyembamba ya mtu aliyebanwa: "Samahani, bosi. Mashine imezimika katikati ya ziwa." Mama Osward alicheka mpaka akamwaga punje zake sakafuni. Babu hakucheka. Alimtazama tu bintiye, kisha akainama kuokota punje, na aliziokota kwa muda mrefu kuliko zilivyokuwa nyingi.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake. Yule binti akapewa jina la Anjela, kijana wa tai akaitwa Kizito, karani wa mzee mwenye boti, na mapenzi yao yakawa yanazuiwa na baba mtu. Kila kitu cha Ulaya kilihamia Kirando. Bwawa la kuogelea likawa mahali pa kuoshea nyavu. Mama mmoja aliyeshika glasi kila saa, Shangazi alisema ana dawa ya tumbo. Watu waliongezeka, rundo la Babu likapungua kwa kasi, na wanawake wakawa wanamsimamisha Shangazi bombani mchana: "Wifi, hebu tuambie, Kizito atapeleka mahari au anatuzungusha?" Naye anacheka, "Njooni jioni, kwani mimi ndiye mshenga wake?" Alicheka! Na jikoni akaanza kuimba. Mimi nilikuwa mdogo, lakini hata mtoto anajua nyumba ikipona.

Hapo ndipo Babu akamwita fundi. Nataka niwe wa haki: hakuna mtu aliyekosea. Mwenye televisheni bubu lazima atafute fundi. Akaja Fundi Salumu, wa zile familia zenye maduka mjini, na baiskeli yake na kisanduku cha vyuma. Akafungua chogo, akapuliza vumbi, akaona waya ulioachia, akauchomelea, na chai tuliyomwandalia ilikuwa bado haijapoa. Televisheni ikasema. Ikasema Kiingereza. Babu akaegemea kiti na kuanza kuitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeongea na watu wa rika lake.

Tukamgeukia Mwalimu Alfonsi, jirani wa upande wa pili, atutafsirie. Mwalimu alikuwa mtu mkweli sana, na ukweli wake haukuwa na chumvi hata kidogo.

"Amesemaje, Mwalimu?"

"Amesema hapana."

"Mbona ameongea muda wote huo?"

"Mengine sikuyapata. Lakini kwa jumla amesema hapana."

Ili tusikie, ikabidi mikono isimame. Mtu akidondosha punje anaambiwa "Shii!" Na tukiwa tumenyamaza hivyo, Mwalimu akakohoa, akavua miwani, akasema anadhani kuna jambo inafaa tulijue. Yule binti alikuwa anamwita yule kijana kaka.

"Kaka wa heshima?" akauliza Mama Osward.

"Kaka. Mama yao ni mmoja. Wamelitaja wazi."

Mama Osward akaweka hindi chini, akafanya ishara ya msalaba. "Yesu na Maria! Na sisi tulivyowaombea waoane!" Wote tukamgeukia Shangazi. Hakubisha. Alisimama, akasema anakwenda kuangalia maharage motoni, na hakurudi. Sidhani kama kuna aliyemcheka kwa ubaya, ila tulicheka, na kwa mtu aliyetoka mbali vile na huzuni yake labda kicheko ni kicheko tu. Kesho yake nikamwambia shikamoo, akasema marahaba, ikaishia hapo. Bombani walipomuuliza habari za Kizito, alijitwisha ndoo akapita.

Zikafuata jioni za sauti. Mwalimu alitafsiri alichokisikia, hakuongeza. Kumbe yale mazungumzo marefu mengi yalikuwa ya habari za asubuhi na utakunywa nini. Wengine wakaanza kuchelewa, wengine wakasema nyumbani kuna kazi. Rundo la mahindi likakaa mlangoni kama halijaguswa, na dumuzi, wale wadudu wa mahindi, wakaanza kuonekana. Babu aliendelea kuitikia kwa kichwa mbele ya Kiingereza, lakini nilimwona pia akigeuka mara kwa mara kutazama mlango wa jikoni.

Jioni moja tamthilia ilipoanza tu, akainuka, akashika kile kitufe cha sauti na kukizungusha mpaka ikafa.

"Vipi tena, mzee?" akauliza Mwalimu.

"Betri," akasema Babu. "Sauti inakula betri." Kisha akaita kuelekea jikoni, "Leokadia! Njoo huku, kazi imelala."

Shangazi akaja anafuta mikono kwenye khanga, akakaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka upesi. Kwenye picha, binti na kijana walikuwa wamekaa kwenye kochi, wanatazamana. Kijana akafungua mdomo. Mama Osward, Mungu ambariki, akashindwa kujizuia: "Haya sasa. Kaka mtu huyo." Shangazi akawatazama wale wawili. Akavuta hindi moja kutoka kwenye rundo, akalipukuchua mstari wa kwanza, na ile sauti ya Kizito ikatoka, imekwaruza kidogo kwa kukaa bila kutumika: "Anjela, leo mama ameniita pembeni. Kumbe mimi hakunizaa. Nililetwa hapa mchanga, ndani ya boti ya dagaa, nimefungwa shuka."

Nyumba ililipuka. "Nilijua!" akapiga kelele Mama Osward. "Si nilisema?" Hakuwa amesema. Watu wote wakamgeukia Mwalimu Alfonsi, na Shangazi naye akamtazama. Mwalimu akafikiri kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi. "Hilo linawezekana," akasema. "Hawajalikanusha." Akanyoosha mkono kuchukua mahindi.

Mahindi yale yaliisha kabla ya mvua, na Shangazi hakunyamaza tena. Baadaye alipata meza yake ya dagaa sokoni mjini, na wanaomjua wanasema unamsikia kabla hujamwona.

Leo nyumbani kwangu kuna televisheni bapa, na tamthilia za nje zinakuja zimeshatiwa Kiswahili safi na watu wanaoijua kazi yao. Ninazipenda, siwezi kudanganya. Mahindi yanapukuchuliwa na mashine, inanguruma asubuhi, kabla ya mchana kazi imekwisha, na vidole gumba vya wanangu havijui kuchubuka. Nisingewarudishia mateso hayo. Kila mmoja ana simu yake na vitu vya masikioni, na wazee wenzangu wanalalamika kwamba watoto hawakai pamoja, lakini mwanangu hucheka na marafiki walioko Dodoma kama vile wako chumbani, na huo nao ni mkusanyiko. Ninachokikosa sijui nikiiteje. Labda ni kwamba siku hizi hakuna anayeniuliza nadhani wale watu wanasema nini. Labda ninakosa tu kuwa mtoto, na televisheni naisingizia.

Kwa miaka mingi sikujua Babu aliizima ile sauti kwa ajili ya nani. Ya betri sikuyaamini. Dada yangu anasema ni kwa ajili ya mahindi, mimi nilisema ni kwa ajili ya bintiye, na kila mmoja ana hoja. Juzi Shangazi alikuja kututembelea, mzee sasa, magoti yanamsumbua, tukakaa tunatazama, nikaona nimuulize mwenyewe. Alicheka mpaka nikampa maji.

"Hawa na mahindi yao," akasema. "Mwanangu, zile siku za sauti, kila asubuhi baba alikuwa anakuja jikoni anajifanya anaota moto. Anatazama nyuma kama kuna mtu, halafu ananinong'oneza, 'Leokadia, yule mzee jana alikuwa anafoka nini?'"

"Kumbe Kiingereza hakukisikia?"

"Hata neno."

"Na wewe ulimjibuje?"

"Nilimwambia, baba, nenda kamuulize Mwalimu."