Aliyekaa Nyuma ya Gurudumu Langu

Watu wengi wameshanicheka kwa haya ninayotaka kukueleza, na wewe ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza. Sikuota, sikuwa na homa, wala haikuwa usiku. Ilikuwa jua la utosi, siku ya Jumapili, juu ya lami, na nilikuwa na shahidi. Shahidi mwenyewe ni shemeji yangu Bakari, ambaye siku hizi ukimtajia baisikeli huinuka akaondoka.

Mimi ni mtu wa Mtongwe, Likoni. Siku za wiki nafundisha hesabu, Jumapili naendesha baisikeli. Si ile ya kubebea mitungi ya maji. Ni ya mbio, matairi yake membamba kama kidole. Tuko kikundi cha watu kumi hivi, na tangu ile barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe hatupendi kwingine. Inapanda, inashuka, inapanda tena, ina madaraja marefu juu ya mikoko, na upande wa Tsunza kuna minazi, mihogo na mbuzi wasiojua breki ni nini. Ukitoka Likoni mpaka Miritini ukarudi, miguu inakuwa imejua kazi.

Sasa kuna jambo lazima ulielewe, la sivyo kisa hiki hakitakuingia. Upepo wa baharini ukikujia usoni nawe uko peke yako, utateseka. Kwa hivyo sisi hufuatana, gurudumu nyuma ya gurudumu, shibiri moja tu kati yake. Wa mbele anavunja upepo, wa nyuma anapumzika. Wa mbele akichoka hutikisa kiwiko, akajitoa pembeni, na anayefuata akashika zamu. Aliye nyuma haulizi njia, hutazama gurudumu la mwenzake tu. Aliye mbele ndiye mwenye kuchagua njia. Na aliyekingiwa upepo hakatai zamu yake. Hizo ndizo sheria zetu, na hatuna nyingine.

Siku hiyo wenzetu walitoka alfajiri wakatuacha, kwa sababu Bakari alikuwa bado anakula mahamri. Bakari ni ndugu pekee wa mke wangu, Mwanasha. Mama yao alipofariki Mwanasha ndiye aliyemlea, akamwogesha, akampeleka chuoni, na mpaka leo, mtu na ndevu zake, bado anamuuliza kama amekula. Alikuwa na wiki tatu tu tangu aanze kuendesha. Tulipokuwa tunatoka, Mwanasha alinishika mkono mlangoni.

"Nakupa ndugu yangu mzima," aliniambia. "Nirudishie mzima."

Nikamtania kwamba kwa unene ule wa Bakari, hata nikitaka kumpoteza hapotei. Hakucheka.

Tulifika Miritini salama, tukanywa maji, tukageuza. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Upepo ulikuwa umeamka na unatujia usoni, na mimi ndiye niliyeuvunja muda wote, kwa kuwa Bakari zamu hajaiweza. Kwenye mlima baada ya daraja la Mwache nikaanza kuona nyota mchana. Saa sita ilikuwa inaingia. Marehemu bibi yangu angenivuta sikio, maana kwetu pwani watu hawazururi saa sita ya jua, ni saa ya wenyewe, wale wasioonekana. Lakini nani anamkumbuka bibi na koo limemkauka?

Hapo ndipo mtu mmoja alipotupita.

Alikuwa juu ya baisikeli nyeusi kuukuu, zile nzito za chuma zenye keria nyuma. Amevaa shati jeupe na kikoi, miguu mitupu. Sisi na baisikeli zetu nyepesi tunahema, yeye anaupanda mlima kama anayekwenda dukani kununua kiberiti. Nikamtolea salamu. Hakuitikia. Nani kwetu asiyeitikia salaam aleikum? Hilo peke yake lingetosha kunizindua. Alisema tu kwa upole, bila kugeuka:

"Njooni nyuma yangu, mupumzike."

Na mimi mjinga nikashukuru. Nikajisogeza kando, nikampa Bakari nafasi ya kwanza nyuma yake, nikakaa wa tatu. Nilidhani namtendea wema.

Amini usiamini, upepo ulikatika kama mtu amefunga dirisha. Raha ile sijapata kuionja maishani. Lakini mwalimu wa hesabu haachi kuhesabu, na baada ya muda nikaanza kuangalia. Mgongo wa lile shati ulikuwa mkavu. Tukashuka mteremko, na baisikeli yoyote, mwenyewe akiacha kunyonga pedeli, hulia tiki-tiki-tiki. Yake haikulia, kwa sababu hakuacha kunyonga hata mara moja, na mwendo wake ulikuwa ule ule, mlimani na mteremkoni. Usiniulize kuhusu kivuli. Saa sita hata wewe huna.

Nikamwita Bakari. Nikamwita tena kwa jina la utani analolichukia, lile linalomfanya agombe siku zote. Kimya. Nikasogea ubavuni mwake nikamtazama. Mdomo uko wazi, jasho limemkaukia, macho yamegota kwenye gurudumu la yule mtu. Miguu yake, ya mwanafunzi wa wiki tatu, ilikuwa inakwenda sawasawa na ile miguu mitupu. Nikamgusa bega, na juani pale lilikuwa baridi kama mtungi.

Tulipovuka daraja la Mteza nikakumbuka kwamba mbele kidogo, mkono wa kushoto, kuna njia ya changarawe ya zamani. Naijua vizuri. Inateremka moja kwa moja mpaka kwenye mikoko, na inaishia majini. Yule mtu akaanza kuvutia kushoto. Bakari naye akavutia kushoto.

Niliogopa, sitakuficha. Nilimwona Mwanasha amesimama mlangoni, ananitazama nikirudi peke yangu. Ningefanya nini? Nimsukume Bakari? Kwa mwendo ule angevunjika shingo. Kusoma nilisoma, kila nilichohifadhi cha Kurani nikiwa mdogo, na kwa hofu nusu yake nikakosea. Mwisho kilichonijia kichwani ni ile sheria yetu ya Jumapili. Aliye mbele ndiye mwenye kuchagua njia, na mimi nilikuwa nimekingiwa upepo na zamu yangu sijaishika.

Nikasimama juu ya pedeli, nikanyonga kwa nguvu zote zilizobaki. Nikampita. Sikumtazama uso, na hilo namshukuru Mungu mpaka leo.

"Zamu yangu," nikamwambia.

Kisha ile sauti ya upole ikanijia karibu na sikio.

"Haya. Shika."

Nikashikilia lami, ile njia ya changarawe ikapita kushoto kwangu. Nyuma nikasikia breki zinalia, na Bakari ananiita, anauliza tuko wapi, analia kama mtoto. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Ilinipeleka mpaka Kibundani, karibu na pale njia inapokutana na barabara ya Likoni, ndipo nikaanguka kwenye majani.

Bakari alinifikia baada ya muda, akanimwagia maji ya chupa kichwani. Alisema njia nzima alimwona yule mtu nyuma yangu, shibiri moja tu. Nikamuuliza amekata kona wapi.

"Hakukata, shemeji," alisema. "Ulipoanguka, naye alishuka hapo hapo."

Nilimrudisha Bakari kwa dada yake mzima. Mwanasha alimkagua kuanzia utosini mpaka kwenye kucha, akalia, akaniombea dua. Nilifurahi, wallahi, na ningefanya vile vile tena. Lakini usiku ule akaniuliza kwa nini nanyonga kitandani.

Nimesomewa, nimekunywa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani, siku saba. Miguu haitulii. Nikiandika ubaoni goti linacheza, wanafunzi wanacheka. Nikiketi kula nainuka. Mwanasha amehamia chumba cha pili apate usingizi. Natulia juu ya baisikeli tu, kwa hivyo kila siku natoka, hata na mvua. Na waendeshaji wanajua, mtu akikaa nyuma yako huhitaji kugeuka ndipo ujue yupo. Kiwiko sijakitikisa, wala sitakitikisa, hata nichoke namna gani. Akishika zamu tena, yeye ndiye atakayechagua njia.

Kwa hivyo saa sita ukipitwa na mtu asiyeitikia salamu, mwache aende zake, hata kama upepo unakuua. Na ukinikuta mimi Dongo Kundu, nisalimie, nitakuitikia, kisha unipite. Usikae nyuma yangu kupumzika. Pale pana mtu.