Asperji za Burungu

Juzi sokoni Goma, mama mmoja alinifungulia ganda la njegere mbichi, akaniwekea punje mkononi. "Onja, Mama, njo ujue iko ya leo." Nilionja, nikasimama pale huku watu wenye vikapu wakinipita huku na huku. Wewe unanijua, sina kawaida ya kusimama sokoni. Lakini ule utamu wa kitu kilichotoka shambani asubuhi hiyohiyo ulinirudisha mlimani Burungu, enzi za wazungu, nilipokuwa mtoto wa Baba na sina mtu mwingine.

Mama alikufa ningali nanyonya. Nyanya yangu wa kijiji cha Kibabi alinilea hadi nilipoanza kung'oka meno ya utoto, kisha Baba akaja kunichukua. Alikuwa mtunza bustani wa Madame, mzungu mjane aliyebaki peke yake kwenye shamba la mlimani baada ya mumewe kufa. Nyumba yetu ya udongo ilikuwa chini kidogo ya bustani. Kijiji kilikuwa ng'ambo ya bonde. Asubuhi nilisikia watoto wa kule wakicheka na wanawake wakitwanga, ila ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, nisione hata paa moja. Siku nilizoshuka kucheza nao waliniita mutoto wa majani. Nikaacha kushuka.

Majani yenyewe yalikuwa asperji. Ni mboga ya wazungu. Chipukizi lake huchomoza kwenye tuta, nene kama kidole, na hukatwa kabla halijafungua kichwa. Ukiliacha, linapanda juu na kuwa kichaka cha majani membamba kama nywele. Kwao Madame baridi ndiyo huulaza mmea mwaka kwa mwaka. Huku kwetu hakuna theluji, kwa hiyo kila kiangazi Baba alifyeka vichaka vyote, matuta yakabaki matupu kama makaburi mapya, mpaka mvua ije kuyaamsha. Majuma hayo nilikuwa siyapendi. Hapakuwa na kitu cha kutazama.

Biashara ilikuwa ya vikapu vilivyoteremshwa hadi hoteli za Goma. Lakini Madame alikuwa na hamu nyingine. Mbegu alizoleta zilikuwa zimeota kila moja kivyake. Miche mingine ilijaza kikapu, lakini mboga yake ilikuwa kama maji. Mingine ilitoa machipukizi machache, matamu ajabu. Madame alitaka mche mmoja wenye yote mawili, mche wa mlima huu, na Baba naye akaingiwa na hamu hiyohiyo. Nilikuwa nikiwaona wamechuchumaa kwenye tuta, huyu na kofia yake, yule na kiko chake, wakibishana polepole juu ya mche mmoja hadi jua likawachoma migongo.

Ubishi wao ulikuwa mmoja: ladha. Baba alivuta tumbaku tangu ujana, na Madame alikunywa kahawa nyeusi kutwa. Siku moja Baba aliniita.

"Ulimi wangu ilishakufa," alisema. "Ya Madame vilevile. Wako iko mupya. Utaonja, utatuambia kweli. Kama iko mubaya, sema mubaya. Usituogope."

Ndivyo nilivyopata kazi. Madame alichemsha machipukizi ya kila mche katika sufuria yake, bila chumvi, na mimi nikakaa kwenye ngazi ya jikoni, miguu haijagusa chini, nikionja moja baada ya jingine na kusukutua kwa maji ya mto. Huu uko mchungu mwishoni. Huu unanuka udongo. Huu hauna kitu. Walinisikiliza wote wawili, wameinama, na hakuna aliyenicheka. Kwa mtoto aliyeshinda akisema na kuku, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Asperji ina miche mama na miche dume; niliouchagua ulikuwa mama, ule unaozaa vitunda vyekundu. Mtamu, lakini bahili. Upande wa pili wa bustani kulikuwa na dume lenye machipukizi mengi, nalo halikuwa baya mdomoni. Maua yalipotoka, madogo kama punje za ulezi, Madame aliufunika mche mama kwa kitambaa chepesi ili nyuki wasitangulie, na Baba akalihamisha vumbi la maua ya dume kwa unyoya wa kuku. Alibana pumzi alipofanya vile. Mkono wake mpana, uliozoea jembe, ulitulia kabisa.

Vitunda vilipoiva tukavikamua, tukapanda mbegu kwenye kona iliyojikinga na upepo. Kisha tukangoja. Asperji haiendi mbio. Mwaka wa kwanza ni uzi, wa pili ni fimbo ya mtoto, na ni wa tatu tu ndipo unathubutu kukata. Nilikua pamoja na ile miche. Jioni tulikula bugali na maharagi bila maneno mengi, moshi wa kuni ukituuma macho, na Baba akianza kukohoa nilihesabu ni moshi.

Mwaka wa tatu mvua zilipoanza, tulionja mche mmoja mmoja. Mingi ilikuwa ya kawaida. Mmoja ulikuwa umesukuma tuta zima juu, machipukizi yamebanana. Niliuma la kwanza, nikalitafuna polepole.

"Mubaya?" Baba akauliza.

Nilimpa lililobaki. Hakuwa na desturi ya kula mboga ile. Alitafuna, akautoa mkono tena bila kunitazama, akala la pili. Madame alikuwa amekaa chini kwenye ngazi, karibu yangu, akala naye. Mwishowe alisema kwa Kiswahili chake, "Njo hii," yaani ndiyo hii. Baba akasema, "Njo hii."

Kikohozi hakikuwa cha moshi. Msimu uliofuata Baba alinifungia nguo zangu na kuniambia nitakwenda Ntoto, kule Walikale, kwa dada yake aliyeuza chumvi na samaki wakavu.

"Unakua sasa. Huwezi kukaa hapa na wazee wawili na majani."

"Na wewe?"

"Mimi nitachunga ule muche."

Nililia nikiamini ananifukuza. Alikata vipande vya mzizi wa ule mche, akavifunga kwa majani ya mgomba na udongo mweusi wa Burungu, akaniwekea kikapuni. Nilivibeba mwenyewe njia nzima, tukishuka na wachuuzi siku baada ya siku hadi kwenye joto la msitu, na sikukubali mtu anipokee.

Ntoto hakuna ukungu wa baridi, na mvua haipumziki. Machipukizi yalitoka membamba kama nyuzi, yakainama, na mizizi ikaoza. Shangazi alinikuta nikichimbua kwa vidole. Alikuwa mtu wa maneno makali, lakini siku ile alikaa chini penye matope. "Acha, mutoto. Hii kitu inapenda kwao." Habari za Baba zilifika na mchuuzi mmoja kutoka Masisi, upande wa kwetu, wakati tayari wamekwisha kumzika kule Kibabi.

Niliporudi Burungu, nikiwa nimeolewa, Madame alikuwa ameshakwenda kwao. Matuta yalisawazishwa, ng'ombe wakila majani hadi mlangoni pa jiko lililobaki bila paa. Wachungaji walinipa maziwa, wakaniuliza natafuta nini. Nikasema hapa palikuwa na mboga. "Mboga gani, dada? Ilikuwa namna gani?" Mmoja wao alikuwa mvumilivu, alitaka kujua kweli.

Nilifungua mdomo nimweleze. Mimi niliyekuwa nikieleza kila mche bila kuogopa, nikakosa pa kuanzia. Waliowahi kuula mche ule walikuwa Baba, Madame na mimi, na kati ya hao wawili hakuna tena wa kumwuliza kama nakumbuka sawasawa. Nikamwambia ilikuwa tamu. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akaenda kuwageuza ng'ombe wake.