Matumbo Juu ya Jiwe la Chai

Kinyozi huyu alizaliwa na kinyaa. Mteja akikohoa bila kuziba mdomo, yeye huisimamisha mashine hewani, uso ameugeuzia ukutani, akangoja mpaka mteja mwenyewe aone haya. Taulo zake huzichemsha. Nywele za mteja mmoja hazikuruhusiwa kumkuta mwenzake sakafuni. Mkewe hupenda kusimulia kwamba siku ya harusi yao bwana harusi aliifuta pete kwanza ndipo akamvisha. Ukimwuliza mwenyewe kama ni kweli, hakatai. Anasema pete ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi.

Sasa mtu wa namna hiyo anawezaje kupenda kuvua samaki, kushika minyoo, kunuka tope? Kila mtu humwuliza hivyo, na jibu lake ni lile lile: mnyoo hana uchafu, wachafu ni watu. Na wale watu anaovua nao bwawani, nyuma ya mitambo ya maji, walikuwa wasafi. Si wa nguo. Kuna fundi baiskeli pale ambaye suruali yake ikivuliwa ingesimama yenyewe kwa grisi. Walikuwa wasafi wa adabu.

Ukifika hukai hivi hivi. Unauliza, "Nikikaa hapa sitakusumbua?" na unangoja ujibiwe. Hutupi ndoano juu ya mshipi wa mwenzako. Samaki mdogo unamrudisha majini, lakini kwanza unalowesha kiganja, maana kiganja kikavu kinambandua ute wake akafa baadaye huko chini bila wewe kujua. Mwenzako akinasa mkubwa, wote mnavuta mishipi upesi kumwachia maji. Matumbo ya samaki unayafunga kwenye mfuko na kuondoka nayo. Halafu lilikuwepo jiwe bapa, pana kama meza, la kuwekea chupa za chai na vikombe. Juu ya jiwe hilo hata kopo la chambo halikuwekwa. Na ukileta mgeni, makosa yake unayajibia wewe.

Jumapili ile mgeni alikuwa mkwe.

Binti wa kinyozi alikuwa amechumbiwa na kijana wa mwenye bucha, kijana mpole, asiye na neno na mtu. Zilibaki siku chache tu wazee wakutane kupanga tarehe ya harusi. Siku moja mwenye bucha, mkwe mwenyewe, alikuja kusalimia, akala, akajifuta mdomo kwa kitambaa cha meza, akasikia habari za bwawa.

"Kumbe mkwe unavua na unanificha? Jumapili twende wote!"

Kinyozi alifungua mdomo. Chini ya meza mguu wa mkewe ukaukuta wake, akaufunga mdomo.

Asubuhi ya safari mkewe alimsimamisha mlangoni. "Mdomo wako uache hapa hapa nyumbani."

"Nitavumilia."

"Na uso pia."

"Uso nao umefanya nini?"

"Huo ndio unaoongea kuliko mdomo. Mwanao anampenda yule kijana, baba yake umeze tu kama dawa."

Basi akaenda kumeza.

Walipofika, muuguzi mmoja wa zamu za usiku alikuwa ameshakaa mahali pake, kimya, macho kwenye kielea cha mshipi wake. Huyu mama huja bwawani moja kwa moja kutoka wodini, kwa sababu, anasema, ni mahali pekee ambapo hakuna anayemwita. Fundi baiskeli alikuwa upande wa pili wa jiwe. Kinyozi akainama kidogo, akauliza kama wanaweza kukaa. Kabla hajajibiwa, mkwe alishajibwaga katikati yao kama gunia, akatema mate majini, pwaa, karibu kabisa na kielea cha muuguzi.

"Hamjambo hapa! Mbona kama msibani?"

"Hatujambo," alisema muuguzi. Alikiangalia kile kipande cha mate kikielea kuelekea kwake, akasogeza fimbo yake ya kuvulia.

Neno lilimfika kinyozi mdomoni. Akalimeza.

Mkwe alivua viatu. Akavua na soksi, zilizokuwa na historia yake, akatumbukiza miguu bwawani na kuanza kusugua katikati ya vidole. Nongo ilitoka kwa vipande. Huku akisugua alisimulia habari za jipu lililowahi kumtoka pajani, lilivyoiva, lilivyopasuka, rangi yake. Fundi baiskeli, mtu ambaye kinyozi hajawahi kumwona akiacha chai, alimwaga kikombe chake majanini.

"Mkwe," kinyozi alisema kwa sauti ya kubembeleza, "hapa huwa tunakaa kimya kidogo. Samaki wanasikia."

"Wasikie! Nao wana maradhi yao."

Akacheka mpaka akapiga chafya, akaivuta taulo nyeupe begani mwa kinyozi, akapenga kamasi, akairudisha begani pale pale. Kinyozi hakuigusa. Aliinamisha bega taratibu mpaka taulo ikaanguka yenyewe.

Cha kuudhi ni kwamba samaki walimpenda. Mkwe alinasa perege wadogo, kila mmoja urefu wa kidole, na kila mmoja akamtupa nyuma kwenye vumbi.

"Hao huwa tunawarudisha," kinyozi alisema.

"Uwarudishe wakakue wavuliwe na mwingine? We mkwe una utani."

Wale samaki wakabaki nyuma yao wakipapatika, midomo ikifunguka na kufumba, vumbi limewaganda machoni, mpaka mmoja mmoja akatulia. Nzi wakafika. Kinyozi aligeuza shingo. Alijiambia: binti yangu. Akajiambia tena.

Ndipo fimbo ya muuguzi ikapinda.

Haikutikisika, ilipinda, na mshipi ukalia. Kambare, na si wa mchezo. Fundi baiskeli akavuta mshipi wake papo hapo, kinyozi naye akavuta, na muuguzi akasimama, visigino kwenye tope, uso wake uliochoka ukawa wa msichana. Mgongo mweusi ulitokeza juu ya maji, mnene kama paja.

"Mkwe, vuta mshipi wako," kinyozi alisema. "Vuta haraka, mwachie maji!"

"Huyo yuko na wenzake," alisema mkwe, akatupa ndoano yake pale pale.

Mishipi ilikamatana. Mkwe akavuta kwa nguvu zote za mkono uliozoea kuvunja mbavu za ng'ombe. Kitu kikasema ta! Kisha maji yakatulia. Muuguzi alibaki ameshika fimbo iliyonyooka.

"Ah, ndivyo ilivyo," alisema mkwe. "Bahati mbaya, mama." Akaokota perege wake mmoja aliyekuwa amejaa kidogo, akatafuta mahali pa kumpasulia, akaona jiwe. Akasukuma vikombe kando kwa kiwiko. Kisu kikapita. Matumbo yakamwagika juu ya jiwe la chai, yanang'aa, na kitu cha kijani kikachuruzika mpaka kwenye kifuniko cha chupa ya muuguzi. Mengine akayafyeka kwa kiganja, yakaangukia majini mbele ya fundi baiskeli.

Hakuna aliyempigia kelele. Hilo ndilo lililokuwa baya. Muuguzi alimtazama kinyozi, si mkwe.

"Kaka, huyu mgeni ni wako?"

Angeweza kusema wamekutana njiani. Lilimjia kabisa ulimini.

"Ni wangu," alisema. Akapiga magoti mbele ya jiwe, akayazoa yale matumbo kwa mikono yake, yakiwa bado na joto la jua, yakiteleza kati ya vidole, huku pumzi ameibana. "Dada, nisamehe. Fundi, nisamehe."

Mkwe alimpiga mgongoni kwa furaha. "Unaona? Ndiyo maana nimekupenda. Hujivuni! Jumapili ijayo nakuja na kaka zangu wawili."

"Hapana," alisema kinyozi.

"Hapana nini?"

"Hutakuja tena. Wala hao kaka zako. Umemkatia mwenzako samaki, umemtemea mate, umeoga miguu kwenye maji ya watu, na hujaona hata kimoja. Mkwe, wewe ni mchafu. Unanitia kichefuchefu!"

Sauti ilivuka bwawa ikarudi. Mwenye bucha alivaa viatu bila soksi, akaondoka bila kuaga, na jioni hiyo hiyo ujumbe ukafika nyumbani: bila kuombwa radhi, kikao cha kupanga harusi hakuna.

Mkewe hakupika. Binti alikaa mbele ya baba yake, macho mekundu. "Kwani alifanya nini hasa?"

Kinyozi akamweleza, chote, mpaka soksi. Binti alijikaza. Baba alipofika kwenye jipu, akacheka huku analia.

"Baba, mimi naolewa na mwanawe, siolewi na yeye. Nenda tu. Kwa ajili yangu."

Akaenda. Bucha ilikuwa imejaa wateja, na mwenye bucha hakuwatoa. Aliendelea kuchokonoa meno kwa ncha ya kisu kile kile cha kukatia nyama.

"Mkwe," alisema kinyozi, "nimekuja kuomba radhi kwa sauti niliyotumia. Sikupaswa kukupigia kelele mbele za watu."

"Na maneno?"

"Maneno siwezi kuyarudisha. Nimeomba radhi kwa sauti."

Mwenye bucha alimkazia macho, kisha tumbo likaanza kutikisika, alikuwa anacheka. "Kichaa wewe! Haya, kikao kipo. Lete mkono."

Akauleta wa kwake. Ulikuwa na damu mpaka kwenye kifundo, na uzi wa mafuta ukining'inia kwenye kidole gumba. Kinyozi aliutazama. Aliwaza mkono wa binti yake ukishikwa na huu siku ya harusi, na sikukuu zote baada ya hapo, miaka na miaka.

Akaushika. Mwenye bucha akaubana wa kinyozi, akautikisa, akaushikilia huku akiwasimulia wateja habari za jipu.