Kilele Kilichochelewa Kwenye Grafu

Nakumbuka walivyosema watu wa kijijini kwetu Tezo, mwanangu: mtoto wa mgema aende ng'ambo arudi na diploma? Hawezi. Nikaenda, nikarudi nayo. Miaka hiyo ya themanini nikaajiriwa kwenye kituo cha kupokea habari za satelaiti, kaskazini ya Malindi. Mwenyeji mwenye diploma pale alikuwa mmoja tu, naye ni mimi.

Kisha akaletwa Charo, kijana aliyekuwa akikusanya chumvi Gongoni. Cheti hana, lakini macho anayo. Mashine zikichora grafu, aliona vijikona nilivyovipita mimi. Wakubwa wakaanza kumwita yeye kwanza, na kila alipoitwa, chakula kilinishinda. Tena ikasikika kuna nafasi moja ya kwenda kusoma. Mimi niliyekwisha kusoma niliitaka, ilimradi asiipate yeye.

Asubuhi moja kukatokea mlipuko kwenye uso wa jua. Mlipuko wa namna ile hurusha ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, kwa kasi kubwa mno. Ioni zikagonga viini vya atomi palepale kwenye jua, na viini vikatoa miale ya gama. Hewa yetu huizuia miale hiyo, ila satelaiti iko juu ya hewa, ikaipokea na kutuletea. Kalamu za mashine, kila moja ikichora miale ya kiwango chake cha nishati, zikapanda pamoja, isipokuwa moja. Hiyo ilipanda baadaye, ikashuka polepole wenzake wametulia.

Charo, aliyekuwa akiendesha mashine siku hiyo, akaandika pembeni mwa karatasi: "Kilele kimechelewa. Kiangaliwe."

Nikachukua wino mwekundu: "Kosa la mwendesha mashine. Kifutwe." Nikamcheka mbele ya watu. "Hii si chumvi, bwana, ya kungojea ikauke!"

"Pengine nimekosea, kaka," akasema. "Lakini kalamu nimeikagua mara mbili."

Nilijua. Nilimwona akiikagua.

Karatasi ikamfikia Mzee Athmani, mkuu wa zamu. Akaniita.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kalamu hii umeikagua?"

"Mzee, mimi nina diploma."

"Sikukuuliza ukutani kwako pametundikwa nini." Akaweka kidole kwenye kile kilele. "Viini vikigongwa na ioni, nyutroni huchomoka. Hizo hutangatanga kwanza, zikapungua kasi, ndipo zikanaswa na hidrojeni na kutoa mwale wao, ule unaochorwa na kalamu hii. Utakosaje kuchelewa? Chuoni hawakukufundisha, au ulisahau ulipoona mwandiko wa Charo?"

Walinifundisha, mwanangu, na mtihani wake nilifaulu. Wivu ulikuwa umenipofua nisione nilichokuwa nakijua.

Akaniamuru niyafute kwa mstari maneno yangu mekundu na kutia sahihi, Charo amesimama kando, na wakubwa waione karatasi hivyohivyo. Nikayafuta, nikatia sahihi. Nafasi akapewa Charo. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi, nikambebea sanduku, na roho bado inaniuma. Sikufichi: hata leo wakimsifu, mimi hukohoa.

Basi sikiliza. Wivu utakujia, hasa ukiwa umepanda kwa jasho lako na kuzoea kuwa peke yako juu. Ukikujia, usihukumu kazi ya mwenzako siku hiyo. Kagua alichokagua, na akiwa amepatia, sema amepatia, hata kama sauti inakukwama.

Mungu akuzidishie elimu, mwanangu, na akupe kifua cha kuvumilia elimu ya mwenzako. Amina.