Vile niliombea laptop nikafuta sauti ya dada yangu

Wakuu, Bwana asifiwe kwa wenye huitikia, na kwa wengine niaje tu.

Nimekuwa nikisoma hapa kimya. Leo naandika. Nitasema vile ilikuwa, hata pahali nilijiaibisha, juu sioni faida ya kudanganya watu wenye sijawahi kuona.

Mimi ni mama wa huku mtaa wa Rhonda, Nakuru. Kazi yangu ni kushona. Shule niliachia njiani, nikairudia nikiwa na watoto watatu, masomo ya jioni. Mwaka huu wakatuongezea computer. Mwalimu ni Madam Jerono. Kwa umri nimemshinda, lakini mbele ya ubao yeye ndiye mkubwa.

Nyumbani niko na laptop nzee. Ndani kulikuwa na kitu moja ya maana, dada yangu Peris akiimba.

Peris aliolewa Molo, na akafia huko. Akishuka kunitembelea alikuwa anaosha vyombo akiimba ule wimbo mama yetu alikuwa anaimba bibi harusi akitolewa kwa nyumba. Si wimbo wa kitabu. Ni wa lugha ya nyumbani, na tulibaki sisi wawili tu tunaujua. Mimi sauti Mungu hakunipea. Kwa hivyo nikamrekodi.

Sasa msichana wake, Mercy, alikuwa anaolewa Jumamosi. Alikuja kupimwa gauni, nikiwa nimeshika futi kiunoni mwake, akaniambia, "Auntie, zawadi sitaki. Nataka nitoke kwa nyumba na sauti ya mama."

Nikamwambia iko.

Kumbe laptop imegoma. Unawasha, unaona kaduara kanazunguka, kanazunguka, basi. Madam Jerono akasema Windows imechoka, tuweke Linux, ni nyepesi kwa mashine nzee. Akanipea flash, nikaandika maagizo yake kwa kitabu ya vipimo vya wateja.

"Mama Neema, chagua kujaribu kwanza. Folder zako utaziona. Copy kwa flash ingine. Ukimaliza ndio u-install, na uchague 'alongside' ndio zikae pamoja. Hiyo 'erase' ya kufuta yote usiguse."

Jumapili baada ya kanisa nikakaa kwa meza. Jua la saa tisa lilikuwa linaingia kwa dirisha, vumbi inaelea polepole kama haina pahali inaenda. Nikawasha na flash. Screen ikafunguka safi, kama nyumba wenyewe wamehama na kufagia. Nikatafuta folder zangu, zikakuja. Nikaona imeandikwa Peris. Moyo ukatulia.

Hapa ndio nilikosea.

Flash ya ku-copy ilikuwa ya kuazima kwa jirani, na hakuwa amerudi kutoka kanisani. Nikasema wacha nifungue tu ile installer nione iko aje, nikimngoja. Nikafuata hatua mpaka pahali inauliza 'erase' ama 'alongside'. Kale kadoti kalikuwa kwa 'erase'. Nilikaona, wakuu. Nilijua nitakashukisha.

Lakini kwangu hakuna kitu kinaanzwa bila maombi. Hata kitambaa sikati kabla nikiwekee mikono. Kwa hivyo nikaweka mikono yote mbili juu ya keyboard, nikafunga macho.

Nikaombea Mercy, na ile nyumba anaenda. Nikaombea mama mkwe wake awe mpole. Kuna maombi yenye inakubeba kama maji ya uvuguvugu, na hiyo ilinibeba. Nilimuona Peris kwa shamba ya viazi, ukungu wa Molo umemfika magoti, amenipa mgongo, anaimba na sisikii. Nikaegemea mikono zaidi nipate kusikia.

Nikasema amina. Kufungua macho, nikaona ramani ya dunia.

Yote, bahari na nchi kavu, na kadoa pahali sisi tuko, imeandikwa Nairobi. Nilidhani nimejibiwa. Nilitabasamu, sitaficha.

Halafu nikaona ni installer inauliza saa za wapi, na pale chini kuna mstari unajaa. Kiganja changu kilikuwa kimefinya Enter, kikafinya tena, na mimi niko mbali, kwa ule ukungu. Ilikuwa imeshaanza kuandika juu ya disk.

Nikavuta waya kwa ukuta. Betri ilikufa kitambo, ikazima papo hapo. Nikabaki najiona kwa screen nyeusi.

Nikapigia Madam, nikamweleza.

"Umeiwasha tena?"

"Hapana."

"Usiiwashe. Mafaili nyingi bado ziko, ni majina ndio imefutika. Zinakufa ukiandika juu yazo."

"Madam, nilikuwa naomba tu."

Nilisikia anameza kicheko. "Mungu hana shida na wewe, Mama Neema. Ni kiganja."

Jumatatu darasani akaendesha programu ya kufufua mafaili, zikaingia kwa disk ya nje. Zilitoka mia kadhaa, bila jina, nambari tu. Akaniambia, "Sasa ni wewe na masikio yako."

Siku tatu nilishona gauni ya Mercy na earphone kwa masikio. Mguu kwa pedali, mkono kwa kitambaa, na miaka yangu inapita bila mpangilio. Mahubiri nusu. Mvua kwa mabati. Neema wangu akiwa mdogo anahesabu kuku. Baba yangu, mwenye alifanya kazi ya reli, anakohoa kabla ya kuongea, halafu haongei. Kuna wakati nilisimamisha cherehani nikasahau natafuta nini.

Alhamisi, nikiwa kwa pindo, nikasikia maji kwa sufuria, na mtu karibu kabisa akisema, "Wewe, umewasha hiyo kitu ama unanitazama tu?"

Akaimba. Beti ya kwanza yote. Ya pili akafika katikati, ikakatika. Nilirudia mara nyingi. Hiyo yenye ilibaki ndio kiganja changu kilikula.

Mercy sikumwambia. Nilikosa ujasiri.

Jumamosi Molo kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Mercy akasimama kwa mlango na gauni yake, spika ikawashwa, Peris akauliza lile swali lake na watu wakacheka wakilia. Akaimba. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nangoja pale mahali.

Ikakatika.

Halafu Mercy akaendelea. Hapo hapo kwa neno, bila kuvuta pumzi, sauti nyembamba lakini njia ni ile ile. Alimaliza beti akiwa anatembea. Baadaye nikamuuliza nani alimfunza. Akasema, "Sijui, Auntie. Nilikuwa napanguza vyombo yeye akiosha."

Kwa hivyo wakuu, nimejifunza hivi. Copy kwanza, tena mahali mbili, na usifungue kitu ati uone tu. Maombi sijaacha. Mikono naweka magotini.

Linux iliingia baadaye na inafanya vizuri. Kama kuna mwingine ashafuta kitu akiwa na nia safi, aseme, nisijione peke yangu.

Na kama kuna fundi anaweza kurudisha mwisho wa faili yenye imekatika, aniambie. Sijaamua kama nataka.