Vipimo vya Mutinda

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa nane, miaka ile ya tisini, michoro yangu kumi na minne ilipotandazwa sakafuni kwetu Makongeni, na mzee mmoja mchongaji vinyago akaniamuru nisome kwa sauti nambari nilizoandika pembeni. Mwanangu, nimeaibika mara nyingi maishani, maana mtu akifikisha umri wangu bila kuaibika basi huenda hajawahi kutoka nje. Lakini aibu ya siku ile haijazeeka pamoja nami. Hebu keti nikueleze, na hiyo simu iweke kando kidogo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwangu: kuingia chuo cha usanifu. Baba alikuwa karani wa reli, ndiyo maana tukakaa nyumba za reli. Mama alijua kuomba na kufanya kazi, na sijui ni kipi alikifanya zaidi. Kisha alikuwepo kaka yangu Mutinda, aliyenitangulia kwa miaka mitano. Yeye alishona viatu vya ngozi na kukata akala za tairi soko la Kariokor. Alikuwa na mabega mapana na maneno mengi, na aliniita Msanii tangu nilipochora kasisi wetu akisinzia, nikachapwa kwa ajili hiyo.

Mtihani wa chuo ulikuwa hivi. Mnaketishwa ukumbini, mtu anakaa kwenye kiti mbele yenu, na kwa saa mbili mnamchora alivyo. Tena ulitakiwa kufika na folda ya michoro yako. Mwalimu wangu wa sanaa alinipa shauri: nimtafute mtu mmoja, nimchore katika mkao uleule mara mbili kwa wiki, kwa wiki saba. Alisema ukimchora mtu mmoja mara nyingi, mkono huacha kubuni na jicho huanza kufanya kazi.

Baba hakuwa na subira ya kukaa, na mama hakuwa na nafasi. Mutinda akakubali kabla sijamaliza kuomba. Kila Jumatano alitoka sokoni mapema, na Jumamosi pia. Akavua jaketi na shati, akabaki na vesti, akaketi kwenye stuli karibu na dirisha, kidevu juu, mikono magotini.

"Niaje, Msanii," alikuwa akisema. "Leo nichore handsome, mathe aweke kwa ukuta."

Mathe ndiye mama. Nikamwambia anyamaze. Nilichora nyuma ya fomu kuukuu za mizigo ambazo baba alizileta kutoka ofisini.

Sasa nikufundishe kidogo, maana bila hili hutaelewa kosa langu. Mchoraji hupima kwa penseli. Unanyoosha mkono, unafumba jicho moja, unaweka kidole gumba kwenye penseli kuonyesha urefu wa kichwa cha mtu. Kisha kila kitu kingine unakilinganisha na kichwa hicho: kifua ni vichwa vingapi, mkono una upana gani. Kichwa ndicho kipimo kwa sababu hakibadiliki. Mimi nilikuwa mwanafunzi mwenye bidii, basi nikaandika vipimo vyote pembeni mwa kila karatasi, pamoja na tarehe.

Wiki ya tatu vipimo vilianza kunisumbua. Mkono wa juu ulitoka mwembamba kuliko wa wiki iliyopita. Shingo nayo ikawa ndefu. Nikadhani nimekosea, nikafuta, nikapima tena, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Mara ya tatu nilipopata jibu lilelile nilijua kwamba penseli haikosei. Kaka yangu alikuwa anakonda.

Nyumbani hakuna aliyeona. Ilikuwa miezi ya baridi na Mutinda alishinda ndani ya jaketi. Alikohoa, lakini baba alisema ni harufu ya gundi ya viatu, mama akasema ni gundi, Mutinda mwenyewe akasema ni gundi. Gundi ile ilisingiziwa mengi. Na siku hizo, mwanangu, kijana akikonda mtaani watu walinyamaza akipita, kisha wakaanza kunong'ona kuhusu ukimwi na marafiki zake wa kike. Kwa hiyo kila nyumba ilijifunza kutotazama sana. Mficha maradhi, kilio humfichua, wazee walisema, nasi tuliujua msemo huo vizuri kabisa.

Lakini mimi nilitazama. Mara mbili kwa wiki, saa nzima, nilimtazama kuliko mama aliyemzaa. Na nitakuambia jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi: nilifurahi. Mtu mwenye nyama ni mgumu kumchora, mifupa imejificha. Sasa mifupa ya Mutinda ilijitokeza yenyewe. Mtulinga ulionekana wote kutoka shingoni hadi begani, mbavu zilihesabika chini ya vesti, na michoro yangu ikaanza kufanana na ile ya vitabuni. Nilijisifu kwamba mkono wangu umeiva.

Jumamosi moja, zikiwa zimebaki wiki tatu mtihani ufike, Mutinda alikohoa mara mbili katikati ya kazi. Nikamwambia asisogee. Akakizuia kikohozi mpaka machozi yakamlengalenga na mishipa ya shingo ikasimama. Niliichora mishipa hiyo, na ilitoka vizuri sana.

Nilipomaliza akavaa jaketi polepole, akaketi kitandani.

"Msanii, nimechoka," alisema. "Naona niende ocha, kwa nyanya. Nipate hewa kidogo. Hii kitu inanimaliza."

Ocha ni mashambani, kwetu Machakos. Nikaanza kuhesabu, na sikuhesabu siku zake bali zangu. Akienda, nani ataketi? Nianze upya na mtu mwingine, vipimo vingine, folda nusu?

"Ngoja mtihani upite," nikamwambia. "Ni wiki tatu tu. Mvumilivu hula mbivu."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Poa. Si ni wiki tatu."

Unaona jinsi methali inavyoweza kutumiwa vibaya? Ni methali njema, nami niliitia mdomoni kwa ajili ya tumbo langu mwenyewe. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tangu siku hiyo nikisikia mtu akiitamka kwa mgonjwa, nautafuta mlango.

Sasa tuje kwenye Jumapili ile. Baba alikuwa na rafiki kanisani, Mzee Kilonzo, mchongaji vinyago wa Shauri Moyo. Tangu ujana wake alichonga twiga na mashujaa wenye mikuki, wa kuuziwa watalii. Baba alitaka aione folda yangu kabla sijaipeleka chuoni, nami, kusema kweli, nilitaka kusifiwa. Baada ya ibada akaja, akanywa chai, kisha akasema nitandaze michoro yote sakafuni kwa mpangilio, wa kwanza hadi wa mwisho.

Alipita kando ya michoro polepole, mikono mgongoni. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Mutinda alikuwa amelala chumbani. Baba alitabasamu akingoja. Mzee hakutabasamu.

"Huyu ni nani?" akauliza, akionyesha mchoro wa kwanza.

"Ni Mutinda."

"Na huyu?" Akaonyesha wa kumi na nne.

"Ni Mutinda."

"Hizi nambari za pembeni ni za nini?"

Nikamweleza. Akaniambia nizisome. Nikaanza na upana wa mkono: nusu kichwa. Nusu kichwa. Nusu kasoro. Theluthi na kidogo. Theluthi. Nilipofika karatasi ya tisa nikaacha kusoma, akaniambia niendelee. Nikaendelea. Chini ya theluthi. Robo na kidogo. Mama akaweka kikombe chini, akainuka, akaingia chumbani. Tulisikia zipu ya jaketi ikishuka, kisha tukamsikia mama akiita jina la Mungu kwa Kikamba, kwa sauti ya chini.

Mzee Kilonzo aliketi, akaniita karibu. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

"Mimi nimechonga twiga miaka thelathini," alisema, "na sijawahi kumwona twiga. Ni mkono tu unakumbuka. Kwa hiyo mimi sina hatia ya twiga. Lakini wewe umeona. Umepima na ukaandika na tarehe. Ulikuwa unamngoja nani aje asome?"

Niliinama nikaanza kukusanya karatasi. Mpaka leo natafuta jibu.

Siku hiyohiyo baba alimpeleka hospitali. Ilikuwa kifua kikuu, ugonjwa wenye dawa. Daktari alikuwa mtu mpole, akamwambia baba kwamba tungemleta mapema, hata mwezi mmoja nyuma, mambo yangekuwa mengine. Nilisimama nyuma ya baba. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa na karatasi ya sita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu, na ukuta wetu sisi hata matofali yake hayakuwepo.

Jumamosi iliyofuata nilifanya mtihani, kwa sababu Mutinda mwenyewe alituma neno kwamba nisipoenda asinione. Nilichora kwa saa mbili mwanamume mmoja mnene aliyevaa kaptula. Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja wodini. Mutinda alikuwa amelala ubavu, amefumba macho. Aliposikia sauti yangu akafumbua, akajikokota akaketi, akauegemeza mgongo ukutani. Akainua kidevu kuelekea dirishani, akaweka mikono magotini.

"Hivi ni sawa?" akauliza.

Nikamwambia hapana kaka, lala, sijaja kuchora. Alionekana kama hakuelewa. Nilimlaza mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi miwili kumgusa, na ngozi yake ilikuwa moto. Wiki zote zile nilijua upana wa mkono wake na sikujua kwamba alikuwa na homa.

Alifariki Alhamisi, asubuhi. Tulimzika Machakos karibu na nyumba ya nyanya, kule alikokuwa ameomba kwenda.

Barua ya chuo ilifika mwezi uliofuata. Nilikuwa nimepita. Nilipokwenda kujiandikisha, mmoja wa walimu alinikumbuka kwa ile folda. Akanisifu kwamba nina jicho linaloona mabadiliko madogo ambayo wengine hawayaoni. Nikamshukuru. Ningesema nini? Nimeishi kwa jicho hilo, nimekula, nimesomesha watoto. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu wangu hakui wala haondoki nyumbani.

Basi neno langu kwako ni hili, na sitalizungusha. Ukiona kwa mtu wako kitu ambacho wengine hawajaona, sema siku hiyohiyo. Usingoje mtihani upite, usingoje mshahara, harusi wala uhakika. Ukisema ukakosea, utachekwa, na kicheko hakijazika mtu. Usijiambie kwamba si kazi yako, kwa maana aliyeona ndiye aliyepewa kazi. Na kama aliyechoka anakubali kuvumilia kwa ajili yako, hapo ndipo uogope zaidi, kwa sababu anayekupenda hatakukatalia hata unapomuua. Jifunze kazi yako, mwanangu, upime kwa makini, mkono wako uive. Lakini ukishapima, inuka kwenye kiti, uende umshike mtu huyo paji la uso.

Mungu akupe macho, akupe na kinywa cha kuyafuata. Akupe ndugu wa kuketi nao wakiwa hai, na usije ukasoma kwa sauti kile ulichokijua peke yako. Nenda kwa amani, na ukifika nyumbani uwatazame vizuri.